Chini ya Reli Kuna Nini?

Mazungumzo ya leo yanaingia karakana ya seremala, lakini hatuendi kutazama kitanda wala kabati. Tunakwenda kwenye kile kifaa kilichotundikwa ukutani, kimejaa vumbi na alama za penseli, ambacho mteja akikiona hudhani ni mbao iliyoharibika inayosubiri kuwa kuni. Mafundi wanakiita jigi. Ni kipande cha plaiwudi, au vipande viwili vitatu vilivyoungwa, ambavyo fundi amejitengenezea vimwongoze: msumeno upite palepale, tundu litobolewe palepale, mguu wa kumi wa kiti utoke sawa na wa kwanza bila tepu kushikwa tena.

Ukiichunguza jigi ya fundi anayejali kazi yake, siku hizi utakuta imezamishwa reli ya aluminiamu. Reli yenyewe ni nyembamba, ina uwazi juu, na ndani pamepanuka kuliko mdomoni. Kichwa cha bolti kinaingizwa kutokea mwisho wa reli, kinateleza hadi pale unapotaka, lakini hakiwezi kuchomoka juu. Bolti inasimama wima. Juu yake unavisha kipande cha mbao cha kuzuia, au mkono wa kubania kazi, kisha unakaza kwa nati yenye kishikio cha plastiki. Ukitaka kubadili kipimo, unalegeza, unasogeza, unakaza. Nusu dakika imetosha.

Shida ni kwamba reli hiyo huuzwa tupu. Namna ya kuishikisha kwenye mbao ameachiwa fundi, na hapo ndipo jigi nyingi nzuri zinapofia.

Kabla hatujashika drili, niseme kwa nini jambo dogo hivi linastahili muda wa redio. Nenda Keko pale Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, au kwenye vile vibanda vya samani kando ya Ngong Road. Mikono ipo, tena mikono hodari. Kinachowaponza mafundi wetu ni pale kazi inapokuwa ya kujirudia. Mwaka 2016, baada ya elimu bila ada kuanza Tanzania na wanafunzi kufurika madarasani, ilikuja kampeni ya madawati, na karakana zilizozoea kutengeneza meza moja leo na kitanda kesho zikajikuta zinatakiwa kutoa madawati kwa mamia. Unapokata vipande mia nne vya urefu mmoja, jicho halitoshi. Tepu nayo haitoshi, maana kila ukipima upya unaongeza kosa jipya, dogo, ambalo halionekani hadi siku ya kuunga.

Wenzetu waliliona hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la majini la Uingereza lilihitaji makapi ya mbao, yale yale ambayo baharia wa jahazi anayajua, ya kupitishia kamba za tanga. Marc Brunel alibuni mashine, Henry Maudslay akazitengeneza, zikafungwa bandarini Portsmouth, na kufikia mwaka 1808 karakana hiyo ilikuwa ikitoa makapi 130,000 kwa mwaka. Wafanyakazi 10 walifanya kazi ambayo awali ilihitaji 110. Mashine zilikuwa za ajabu, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya ujanja ilikuwa kukishika kila kipande cha mbao mahali pale pale, kwa namna ile ile, kila mara. Hiyo ndiyo kazi ya jigi, na Brunel hakuwa na aluminiamu.

Turudi kwenye reli yetu.

Fundi akishachimba mfereji kwenye plaiwudi na kuilaza reli ndani, huitikisa kushoto na kulia. Akiona haichezi, anapiga skrubu mbili tatu, anaridhika. Lakini ubavuni mfereji wenyewe unaishika. Hata bila skrubu reli isingekwenda kokote. Bolti haivuti ubavuni. Inavuta juu. Kila unapokaza ile nati, kichwa cha bolti kinaminya midomo ya reli kutokea ndani na kutaka kuing'oa kitandani mwake. Nguvu yenyewe ni kubwa kuliko mkono unavyohisi. Kwenye bolti ya milimita 6, mtu mzima akikaza kwa kiganja tu, mvuto ndani ya bolti unaweza kupita uzito wa kilo 100 bila taabu. Ni mifuko miwili ya saruji hiyo, inaning'inia kwenye bolti nyembamba kuliko kidole chako kidogo.

Sasa jiulize mifuko hiyo inashikwa na nini. Inashikwa na zile skrubu mbili zilizo karibu na bolti, na skrubu zenyewe zinashika kiasi kile tu cha mbao kilichobaki chini ya mfereji. Piga hesabu. Plaiwudi ya milimita 18, ambayo ukiipima mara nyingi unakuta 17 na kitu. Reli ndogo, ile ya upana wa milimita 19, ina kina cha 9.5. Ukiizamisha, chini panabaki milimita nane hivi. Reli pana, ya milimita 30, ina kina cha karibu 13. Hapo panabaki milimita tano au pungufu. Meno ya skrubu yaliyomo ndani ya mbao hayafiki hata hizo zote, kwa sababu ncha ya skrubu haishiki kitu. Na kama jigi yako ni ya MDF, hali ni mbaya zaidi, maana ile ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Skrubu ikishang'oka mara moja, tundu lile halitashika tena.

Ndiyo maana unakuta jigi imefanya kazi vizuri wiki ya kwanza, halafu reli inaanza kuinuka upande mmoja, unene wa karatasi tu. Fundi anakaza zaidi. Anapokaza zaidi ndipo anaing'oa zaidi. Kipande cha kuzuia kinahama milimita moja katikati ya kazi, na hakuna anayejua hadi viti viunganishwe na kimoja kianze kuyumba.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuacha kuchimba. Chukua ubao wa chini wa plaiwudi ya milimita 18, usiuguse. Laza reli juu yake, ikae juu ya unene wote. Kisha pande zote mbili za reli gundisha vipande vya plaiwudi nyembamba hadi vifikie kimo cha reli. Mfereji umejitengeneza wenyewe katikati. Skrubu sasa ina unene kamili wa kuuma, na ubao wa chini haujakatwa, kwa hiyo hautavunjikia kwenye mstari wa mfereji, jambo linalozipata sana jigi zilizochimbwa. Uzuri wa pili ni kwamba huhitaji mashine ya ruta. Msumeno na gundi nyeupe ya mbao vinatosha, na karakana nyingi za mtaani hazina zaidi ya hapo.

Vimo havitalingana sawasawa, na hapa ndipo fundi mjanja anapojitokeza. Reli ya kina cha 9.5 ukiizungushia plaiwudi ya milimita 9, inachomoza nusu milimita. Bandika fomika juu ya plaiwudi hiyo, yenye unene wa milimita 0.8 hivi, reli inashuka chini ya uso kwa kiasi cha unywele, na uso wenyewe umekuwa laini, kazi inateleza vizuri. Pima kwa kalipa kabla ya kupaka gundi, kwa sababu plaiwudi ya lebo moja inaweza kuwa na unene tofauti kutoka duka moja hadi jingine.

Nimetaja reli kuchomoza au kuzama. Hilo halizungumzwi sana, na nadhani ndilo linaloamua kama skrubu zitaishi au zitakufa. Fikiria reli iliyofungwa juu ya kiegemeo, yaani ule ubao wima unaoegemezea mbao unapoikata, na juu yake kuna kipande cha kuzuia kilichokazwa kwa bolti. Ikiwa reli imechomoza kidogo tu juu ya mbao, kipande kile kinakaa juu ya aluminiamu yenyewe. Bolti inavuta midomo ya reli juu, kipande kinaisukuma chini, nguvu mbili zinamalizana papo hapo, na skrubu hazipati habari. Ikiwa reli imezama, kipande kinakalia mbao pande mbili, na chini yake reli iko peke yake ikivutwa kuelekea juu. Hapo mzigo wote ni wa skrubu. Tofauti ya nusu milimita, matokeo mbali kabisa. Kwa hiyo juu ya kiegemeo, ambako mbao unayoikata haipiti, acha reli ichomoze kidogo.

Kwenye sakafu ya jigi huwezi kufanya hivyo, kwa sababu kazi inapita juu na itagonga. Na mbaya zaidi, sakafuni ndiko unakofunga ule mkono wa kubania. Mkono huo umekanyaga kazi kwa mbele na ubao kwa nyuma, bolti iko katikati inavuta. Hakuna kinachoisukuma reli chini. Kila kilo inayoibana kazi yako inatoka kwenye skrubu, tena zaidi ya kilo hiyo, maana bolti inalipa mbele na nyuma.

Kwa hiyo sakafuni sikushauri skrubu peke yake. Tumia bolti ndogo za milimita 4 zenye kichwa cha kuzama, zipite kwenye reli, zipite kwenye ubao wote, na chini zikutane na washa pana na nati. Chimba chini kishimo kidogo ili nati isichomoze, la sivyo itaikwaruza meza ya msumeno au kuifanya jigi iyumbe. Si lazima kila tundu liwe na bolti. Weka kwenye ncha mbili na pale ambapo mkono wa kubania hukaa mara kwa mara. Kwingine skrubu inatosha. Hapo ndipo ile mifuko ya saruji inapokuwa juu ya washa ya chuma, na mbao inabanwa badala ya kung'olewa.

Nije kwenye skrubu zenyewe. Tangu dari za jipsamu zienee mijini, skrubu nyeusi za jipsamu zimejaa kila duka la vifaa, ni za bei rahisi, na fundi anazo mfukoni. Zimeimarishwa kwa moto hadi zikawa ngumu, na kitu kigumu namna hiyo hakipindi, kinakatika. Ukikaza kichwa kikakatika ndani ya reli, umejipa kazi ya nusu siku. Halafu kwa sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, zinashika kutu haraka, na kutu ya chuma ikikaa na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu nayo inaanza kuliwa pembeni mwa tundu. Tafuta skrubu za chuma cha pua, au angalau zilizopakwa zinki.

Tundu la kutangulia ni lazima. Kwa skrubu ya milimita 3.5, toboa mbao kwa milimita mbili hadi mbili na nusu, kisha panua mdomo wa tundu la reli hadi kichwa cha skrubu kizame kabisa chini ya sakafu ya reli. Jaribu kwa kupitisha bolti: ikigonga kichwa hata kimoja, panua tena. Kama umenunua reli isiyo na matundu, aluminiamu inatobolewa kwa biti ya kawaida ya chuma, tone la mafuta ya taa likisaidia biti isinate. Sentimita 10 hadi 15 kati ya tundu na tundu, na la mwisho lisiwe mbali na ncha ya reli, maana ncha ndiyo inayoanza kuinuka.

Na bolti ya kuteleza? Hapa kuna mtego wa vipimo. Reli ndogo ya milimita 19 imetoka kwenye ulimwengu wa inchi. Imechongwa kwa bolti ya robo inchi, ambayo kichwa chake kina milimita 11.1 kutoka ubavu hadi ubavu. Wewe unakwenda dukani unapewa M6, kwa jicho ni ile ile. Kichwa cha M6 ni milimita 10. Kona kwa kona kinafikia 11 na kidogo tu, kwa hiyo ndani ya reli hiyo kinaweza kuzunguka. Unakaza nati, bolti inazunguka nayo, hukazi chochote. Robo inchi bado zinapatikana kwenye maduka ya vipuri. Uliza, au beba kipande cha reli uende nacho.

Gundi nitaipitia haraka. Gundi nyeupe ya mbao haishiki aluminiamu, usijidanganye. Ile ya kuchanganya mirija miwili, Araldite na jamaa zake, inashika, mradi uikwaruze reli kwa msasa mkavu, uipanguse kwa thina, na upake saa hiyo hiyo kabla aluminiamu haijajenga tena ngozi nene ya oksidi. Mimi siipendi. Reli ni ghali kuliko plaiwudi, na jigi huchoka kabla ya reli kuchoka. Iliyofungwa kwa skrubu na bolti utaing'oa uihamishie kwenye jigi nyingine. Iliyogundishwa utaitupa pamoja na ubao, au utaivunja ukijaribu kuiokoa.

Joto pia lina neno lake, ingawa dogo. Karakana nyingi zimeezekwa bati, na asubuhi na saa nane mchana ni kama nchi mbili. Reli ya mita moja joto likipanda digrii 20 inarefuka karibu nusu milimita. Plaiwudi haifiki huko. Acha upenyo wa milimita moja mwishoni, usiibane reli ncha zote mbili kati ya mbao. Kwenye mbao nzima, hasa ukiipitisha reli kukatisha nyuzi, mbao ndiyo itakayotembea zaidi, mvua zikija na zikiondoka. Mninga una sifa ya kutulia. Misonobari ya mashambani inacheza. Funga katikati imara, na kwenye ncha yafanye matundu yawe marefu kidogo, ili mbao isogee bila kuipinda reli.

Kuna mafundi wanaoniambia reli haipatikani, au inapatikana Kariakoo kwa bei ya kukatisha tamaa. Ni kweli si kila mji unayo. Wengine wanatumia reli ya pazia. Midomo yake inafunguka ukikaza mara mbili, hiyo tuiache madirishani. Mabaki ya profaili za madirisha ya kuteleza yana nguvu kiasi, lakini mengi ni membamba: kaza kwenye kipande cha majaribio kwanza, uone kama midomo inajikunja. Chuma cha mafundi umeme, ile chaneli ya mabati ya milimita 41 wanayotundikia nyaya na mabomba, ni kizito na kirefu mno kwa jigi ndogo, lakini kwa meza ya kubania milango hakuna kitakachoing'oa. Na kama huna chochote, vipande viwili vya mninga vilivyochongwa midomo na kufungwa sambamba vitakufanyia kazi mwaka mzima kabla ya kulika.

Moja la usalama. Misumeno yetu mingi ya meza ni ya kujitengenezea, mota na bamba, haina kinga. Mkono wa kubania kwenye jigi unashika mbao pale ambapo vidole vyako vingekuwa, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kununua reli. Lakini kabla hujaifunga, chora njia ya bamba la msumeno kwenye ubao, kwa wino mwekundu kama unao, na usiruhusu reli, skrubu wala bolti kuikaribia njia hiyo. Jino la msumeno likikutana na skrubu ya chuma, kinachoruka hakichagui pa kwenda.

Ukimaliza kufunga, kaza mkono wa kubania kwa nguvu zote za kawaida, laza rula ya chuma kukatisha reli, utazame kwenye mwanga kama kuna sehemu iliyoinuka. Rudia baada ya wiki ya kazi, kwa sababu mbao mpya hukubali na skrubu hulegea. Kisha chukua kalamu ya wino, uandike juu ya jigi yenyewe: bolti robo inchi, skrubu isizidi urefu fulani. Kesho kijana wako wa karakana ataibadilisha skrubu moja akiwa na haraka, ataweka ndefu, itatokea upande wa pili, na meza ya msumeno itakuwa na mchoro ambao hakuna atakayekubali kuwa ni wake.